Fremu Isiyopakwa Rangi

Kimbunga kilichotupiga siku ya mwaka mpya kiliondoka na paa la ukumbi wa kanisa, migomba yote ya bondeni, na sura za wazee wetu. Paa lilirudishwa, na migomba ikaota tena. Sura ndizo hazikurudi. Mvua iliyochanganyika na chumvi ya bahari iliingia nyuma ya vioo, na picha za harusi, za ubatizo na za marehemu zikawa uji. Nyumba baada ya nyumba, watu walizitoa fremu ukutani, wakaumwaga ule uji uani, na fremu zenyewe wakazitupa kando ya barabara zingoje kuchomwa moto.

Akosita naye alikuwa na uji wake wa kuulilia. Lakini mwanamke huyu ana ugonjwa mmoja aliourithi kwa mama yake: hawezi kuona mbao zilizoungwa vizuri zikiteketea. Alichukua toroli ya mumewe, akapita kijiji kizima akiokota.

"Mama Fane, siku hizi umekuwa jaa?" jirani yake alimpigia kelele kutoka barazani.

"Jaa lako limejaa, ndiyo maana nimekuja kukupunguzia," Akosita alijibu, na hakusimama.

Fremu hizo alizikausha kivulini chini ya mshelisheli, kwa sababu ubao ulioloa ukiuweka juani hupinda ukakataa kunyooka tena. Akazipiga msasa mpaka rangi ya zamani ikatoka unga. Rangi mpya hakununua. Buluu ilibaki kwenye makopo ya madirisha ya kanisa, nyekundu alipewa na fundi wa mashua, na njano aliipata shuleni, juu imeshika utando kama maziwa yaliyochemka. Palipokuwa na ufa alizungushia kamba ya makumbi, fundo juu ya fundo, mpaka ufa wenyewe ukageuka pambo. Pembeni alibandika simbi, mbegu nyekundu za msituni, na vipande alivyokata kwenye kitambaa cha gome la mti alichoachiwa na bibi yake, ambacho panya walikuwa wamekila nusu.

Haikuchukua muda, wale wale waliozitupa wakaja kuzitaka. Walileta viazi vikuu, samaki, mafuta ya taa, na maneno matamu. Kila nyumba ilikuwa inapata picha mpya kutoka kwa jamaa walioko ng'ambo, na picha mpya inataka mahali pa kukaa. Akosita aliwapa, akijua vizuri nani alimwita jaa.

Simbi zilikuwa kazi ya Fane, binti yake. Mimba nyingine zote za Akosita ziliharibika, akabaki huyo mmoja. Naye alikuwa na moyo mbovu. Homa ya viungo ilimpata akiwa mdogo, ikaondoka na ikauacha moyo umelegea. Kupanda kilima kwenda kwenye shamba la vanila la baba yake, Isileli, kulimtoa pumzi hata midomo ikabadilika rangi. Kwa hiyo akawa mtu wa ngazini. Alikaa hapo kila asubuhi na bakuli la simbi na kopo la gundi, na mdomo wake haukupumzika.

"Mama, huyu babu atakayekaa humu, alikuwa na sura nzuri?"

"Sura ya jiwe la tanuri."

"Basi tumwongezee simbi. Watu watazame simbi, wamsahau yeye."

Walicheka mpaka Fane akaanza kukohoa, na Akosita akajilaumu kwa kumchekesha. Ndivyo walivyoishi wawili hao, wakichekeshana na kuogopa.

Picha ya Fane ilikuja kwa bahati. Mwanamke mmoja wa Kizungu, katika hao wanaotia nanga bandarini Neiafu na mashua zao za matanga na kuzurura vijijini wakitafuta matunda, alipita akamkuta Fane ngazini na kamera ikafanya kazi yake. Alikwenda zake. Miezi mingi baadaye bahasha ikafika posta, na ndani picha moja kubwa, safi, ya rangi. Fane amekaa, kidevu kimelala mkononi, kiwiko cha kushoto kimetokeza pembeni karibu kitoke nje ya picha, na kwenye kiwiko hicho kuna doa la rangi ya buluu ambalo yeye mwenyewe hakujua kuwa analo. Anacheka na mtu aliye nje ya picha. Mtu huyo ni mama yake.

Ilikuwa picha yake pekee. Za utotoni na za shule zilikwenda na kimbunga. Akosita aliipangusa kwa upindo wa gauni ingawa haikuwa na vumbi, akaenda kuitafutia fremu.

Nitasema wazi kwamba hapo ndipo alipojipalia makaa. Angeweza kuitia kwenye fremu yoyote. Yeye alichagua ile ya mti mgumu iliyotoka nyumbani kwa mchungaji, akaipaka buluu tabaka juu ya tabaka, akiipiga msasa kila mara mpaka ikawa laini kama yai. Simbi nyeupe, ndogo kuliko punje ya mchele, ambazo Fane alikuwa amezichagua moja moja tangu utoto, zilizunguka kioo safu mbili. Pembe nne alizifunga kwa kamba ya makumbi kwa mafundo ambayo hakuwahi kumfungia mtu mwingine. Watu walikuja kuitazama. Hata mchungaji alikuja, akasema fremu yake haikuwahi kupendeza hivyo ilipokuwa kwake.

Isileli aliitazama kwa muda mrefu, mikono kiunoni.

"Mama Fane, punguza."

"Nipunguze nini?"

"Uzuri. Mimi nina dada."

Akosita alicheka. "Dada yako yuko mbali huko. Hata Wazungu wa mashua wanakuja huku mara nyingi kuliko yeye."

Kwetu dada ni mkubwa kwa kaka yake, hata kama kaka ana mvi na dada bado ana meno ya utoto. Akiingia nyumbani kwa kaka na kukisifu kitu, kitu hicho kimeshaondoka. Iliyobaki ni kazi ya kukifunga. Ndiyo maana wifi akionekana njiani, mikeka mizuri huingia mvunguni na nguruwe aliyenona hufukuziwa kichakani. Wala si uchoyo. Ndivyo watu wanavyoweza kubaki na kitu. Akosita alilijua jambo hilo tangu alipokuwa binti, maana hata mama yake alikuwa akificha. Lakini picha aliitundika ukutani mkabala na mlango, mahali ambapo hata mpita njia angeiona.

Fane hakufika miaka ishirini. Siku hiyo alikula vizuri, akalala mchana, na Akosita alipokwenda kumwamsha waje kuchambua mbegu, hakuamka.

Wifi yake, Temaleti, alifika kwa ndege kutoka kisiwa kikuu pamoja na binti yake Milika. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya upole, na alilia kwa dhati. Aliingia akaketi kichwani pa maiti, mahali pake, maana shangazi ndiye mwenye msiba. Heshima yote ya siku hiyo ni yake. Mama mzazi hana mahali hapo. Mama mzazi na ndugu zake hufunga viunoni mikeka mikuukuu iliyochanika, hufumua nywele, na hukaa jikoni nje wakichuna nguruwe na kumenya majimbi. Kwa hiyo Akosita alimlilia mwanawe kwenye moshi wa tanuri la shimo. Kila mlango wa nyumba ulipofunguliwa aliiona ile fremu ya buluu, imewekwa juu ya mikeka kichwani pa jeneza, na alishukuru kwamba walau kupitia mlango aliweza kumwona mwanawe akicheka.

Baada ya maziko wakaja kugawa. Mikeka ya kifahari na vitambaa vya gome vilirundikwa mbele ya Temaleti, na msemaji wa ukoo akavitaja kimoja kimoja kwa sauti ya kanisani. Temaleti aliitikia kwa kichwa. Kisha akainua kipepeo chake cha kujipepea, akaelekeza ukutani, ambako mtu alikuwa ameshairudisha ile picha.

"Na ile," alisema. "Kazi nzuri kama ile sijaiona hata kwa wazungu. Nitaondoka na mtoto wangu."

Msemaji hakusita. "Ni yako, mama. Vyote humu ni vyako."

Akosita alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kisu mkononi. Alimtazama mumewe. Isileli aliinamisha kichwa, akaanza kuufuata kwa kidole mstari mmoja wa mkeka. Hakuna aliyemtazama Akosita, kwa sababu wote walijua. Milika aliishusha picha, akaizungushia mkeka laini kuliko yote, na jioni ile ile ikaondoka.

Ukutani ulibaki msumari, na kipande cheupe cha ubao ambacho jua halikuwahi kukigusa.

"Ungesema neno," Akosita alimwambia mumewe. "Neno moja tu, Baba Fane. Ungesema, wifi, chukua mikeka, chukua nguruwe, chukua nyumba, hiyo tuachie."

"Nimwambie dada yangu hivyo?"

"Ndiyo."

"Mbele za watu?"

"Hata mbele za malaika!"

Isileli akasema kwa sauti ndogo, "Ingekuwa mbaya, asingeitaka." Akosita hakumsamehe kwa maneno hayo, kwa sababu yalikuwa kweli.

Wengine watauliza, kwa nini hakuwa na nakala? Nani anayenakili picha ya mtu anayepumua? Na kumwandikia wifi atengeneze nakala amtumie, hilo lingekuwa kama kumdai. Kwetu aliye juu yako hadaiwi. Akosita alitafuta njia ya pembeni. Alitengeneza fremu nyingine, kubwa zaidi, nyekundu na njano, akaizungushia simbi za kila aina, akaipeleka kwa meli. Alitumaini wifi angeitia moyoni hiyo mpya, na ile ya zamani, kwa aibu au kwa ukarimu, angeirudisha. Majuma yakapita. Siku moja, katika salamu za redio zinazosikika visiwa vyote, mtangazaji alisoma kwamba Mama Temaleti anamshukuru mke wa kaka yake kwa fremu ya pili, na kwamba zote mbili zimependeza sana sebuleni.

Majirani walikuja kumpongeza kwa kutajwa redioni. Akawapikia chai.

Kilichomtia hofu baadaye hakikuwa ukuta mtupu. Kilikuwa kichwani mwake. Sauti ya Fane aliisikia vizuri, na kikohozi chake, na namna alivyokuwa akiburuza kandambili. Ila uso ulianza kumponyoka. Aliushika asubuhi, mchana akawa hana uhakika.

"Baba Fane, pua yake ilikuwaje?"

"Kama yako."

"Yangu ikoje?"

Isileli alimtazama. Walikwenda wote wawili kwenye kioo cha kunyolea, wakasimama hapo wakiitafuta pua ya mtoto wao kwenye uso wa mama mwenye miaka hamsini, wasiione. Isileli akatoka nje akaenda shamba. Akosita alilia mpaka akachoka, kisha akaenda kuchanganya rangi, kwa sababu mtu alikuwa anangoja fremu ya marehemu mama yake.

Ndivyo miaka ilivyokwenda. Sura za wafu wa watu zilipita mikononi mwake, akazipamba, akazikabidhi. Mikono yake ilijua mambo ambayo moyo ulikuwa umechoka nayo. Alijua, kwa mfano, kwamba hakuna anayetoa picha ya zamani anapoweka mpya. Kila fremu aliyoifungua ilikuwa na watu wamelaliana: mjukuu juu ya bibi, bibi juu ya kalenda ya zamani. Huachwa wakaze mgongo, kioo kisicheze. Na alijua kwamba unyevu ukiingia, picha ya chini hushika mgongo wa ile ya juu kama imechomewa. Ukivuta, uso hubaki kwenye karatasi ya mwenzake, na wewe unabaki na weupe.

Kisha redio ikasoma kifo cha Temaleti.

Walipanda meli na watu wa ukoo, nguruwe wakipiga kelele chini. Isileli alimlilia dada yake kwa moyo wote, na Akosita hakumwonea kijicho kwa hilo. Yeye alikuwa na jambo moja tu kifuani. Sebule ya wifi ina ukuta, na ukutani kuna Fane. Atamwona. Hata kwa kupitia mlango.

Lakini nyumba ya Temaleti ilikuwa imejengwa kwa tofali, na jiko lilikuwa nyuma, limetazama matangi ya maji. Mke wa kaka hapiti mbele, hagusi ukumbi wenye maiti. Akosita alifunga kiunoni mkeka wa matambara unaoburuza, akafumua nywele zilizokwisha kuwa nyeupe, akapewa kisu na lundo la majimbi. Alimenya akiwa ameupa uso ukuta usio na dirisha.

Asubuhi ya maziko Milika alikuja jikoni. Alikuwa mama mtu mzima sasa, mkubwa wa mwili kama mama yake, macho mekundu kwa kulia, lakini utani wa mtoto wa dada haukumtoka hata siku hiyo.

"Mke wa mjomba! Unamenya majimbi au unayachonga? Nguruwe watakufa kwa uzee wakikungoja."

"Njoo unisaidie basi, mwenye mikono laini."

"Mimi nimekuletea kazi ya heshima." Akafungua kitambaa alichokuwa amekumbatia. "Simbi zimedondoka. Paa lilivuja mwaka ule wa mvua kubwa, mama akakataa katakata isitengenezwe na mtu mwingine. Tunataka kuijengea kwenye saruji, kichwani pa kaburi, na fundi anangoja. Itie sura, mke wa mjomba."

Ilikuwa ile ya buluu. Rangi ilikuwa imefifia na safu moja ya simbi ilikuwa na mapengo, lakini mafundo ya pembeni yalikuwa yameshika kama siku aliyoyafunga. Nyuma ya kioo alikuwa Temaleti, amevaa nguo nyeupe ya kanisani, anatabasamu.

Akosita aliweka kisu chini taratibu. "Humu kulikuwa na picha nyingine."

"Ilikuwepo?" Milika alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Hii aliiweka alipotimiza miaka sabini. Ya zamani sijui, labda iko humo humo. Mama alikuwa na picha nyingi. Ila fremu hii aliipenda! Kila mgeni alionyeshwa. Ile nyekundu uliyoleta baadaye aliigawa."

Alisema hivyo kama anampa pongezi, akaondoka kwenda kuwapokea wageni.

Akosita alikaa juu ya gogo. Kwa miaka yote alimchukia wifi yake, na sasa hata chuki hiyo ilikosa pa kukaa. Temaleti hakumtupa Fane. Hakumkumbuka pia. Alimwita mtoto wangu siku ile, akalia, akamchukua, kisha akamkalia usoni.

Aliigeuza fremu, akaikunjua misumari kwa ncha ya kisu, akauinua ubao wa nyuma. Mgongo wa picha ulikuwa pale, na mhuri wa ng'ambo aliokuwa akiukumbuka. Akaingiza kucha kwenye kona, kwa upole wa fundi, akavuta kidogo tu. Ikakataa. Alivuta kona nyingine, ikatoa sauti nyembamba ya kuchanika, naye akaacha mara moja. Akazitoa zote mbili kwenye kioo, zimeshikana kama ubao mmoja: juu Temaleti anatabasamu, chini yake Fane, uso kwa mgongo. Angezivuta, angeubandua uso wa mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Angeziloweka, ingehitaji maji ya mvua na siku nzima ya subira, na hata hivyo asingekuwa na hakika. Na huko mbele fundi alikuwa ameshaanza kuchanganya saruji.

Angeweza kuficha. Angeweza kusema imeharibika, niletee picha nyingine ya mama yako. Wazo hilo lilimjia, akalitazama. Lakini kumnyima marehemu sura yake siku ya kaburi, tena akiwa ni mke wa kaka, na Isileli amepiga magoti nje na majivu kichwani? Akosita alikuwa mtu wa huku huku. Hakuweza.

Ndipo alipoona kwamba picha ya Temaleti ilikuwa nyembamba kidogo kuliko ya Fane. Upande mmoja walikuwa wamebandika ukanda wa kadi nyeupe kuziba pengo. Aliubandua ule ukanda kwa mate na kucha. Chini yake, kwa upana wa kidole, ulikuwa wazi ukingo wa picha ya zamani: ubao wa ngazi, kipande cha jani la mshelisheli, na kiwiko. Kwenye kiwiko, doa la buluu.

Alilishika hilo doa kwa kidole. Akachukua kile kisu cha majimbi, akakifuta kwenye mkeka wake, akaukata ukingo huo wa picha ya Fane, ukanda mwembamba, kutoka juu hadi chini, mkono umenyooka kama anakata kitambaa cha mtu mwingine. Akautia kifuani ndani ya gauni. Akarudisha kadi nyeupe mahali pake, kioo, ubao, misumari. Kisha akaomba gundi. Mjane mmoja aliyekuwa akipepea moto alimpa simbi za mkufu wake wa zamani, naye akaziba mapengo yote, moja moja, bila haraka. Akaipangusa kwa mafuta ya nazi mpaka buluu ikaamka. Hakujua kufanya kazi mbaya, hata siku hiyo.

"Umeifanya mpya kabisa!" Milika alisema, machozi yakimtiririka. "Mama angefurahi."

"Ishike kwa chini," Akosita alimwambia. "Pembeni gundi haijakauka."

Kutoka nyuma ya matangi ya maji alisikia nyimbo zikipanda, halafu kimya, halafu mwiko wa fundi ukikwangua saruji. Alimfikiria Fane mle ndani, anacheka gizani, na aliye nje ya picha hayupo tena. Akaendelea kumenya.

Waliporudi kisiwani kwetu Vavau, Isileli alimkuta chini ya mshelisheli akiunganisha fremu ndogo, nyembamba, kwa vipande vya sanduku la chupa. Aliutazama ule ukanda, akalitazama lile doa, akaelewa bila kuambiwa, akakaa chini pale pale kwenye majani.

"Nikuletee buluu?" aliuliza.

"Hii haipakwi."

"Hata vanishi?"

"Hata vanishi, Baba Fane. Iache na vibanzi vyake."

Milika alikuja kututembelea mwaka uliofuata. Mama yake alipokufa, mamlaka yale yalikuwa yamemwangukia yeye, na alikuja nayo kwa furaha, bila nia mbaya hata kidogo, kama mtu aingiaye shambani kwake. Akosita hakuficha mkeka wowote. Alimkaribisha, akampikia kuku na majani ya majimbi kwa tui la nazi, akasimama karibu na mlango, mikono nyuma, wakati mgeni akizunguka sebule na kipepeo.

"Hii fremu nyekundu nzuri. Nitaichukua."

"Ni yako."

"Na hii ya mbegu."

"Ni yako, mama."

Kipepeo kikafika kwenye ule msumari wa zamani, mkabala na mlango. Milika akainama, akakunja uso.

"Na hiki? Ni nini hiki, kiwiko?"

"Kiwiko," alisema Akosita. Mikono yake nyuma ilikuwa imekamatana.

"Cha nani?"

"Cha Fane."

Milika alikitazama zaidi kidogo. Akapitisha kidole kwenye ubao mkavu, kikakwaruzwa na kibanzi, akakinyonya akicheka. "Mke wa mjomba, fundi mzima unatundika kitu kibaya namna hii? Haya, hiki bakia nacho."

Akaenda kwenye ukuta mwingine. Akosita akaiachanisha mikono, akaingia chumbani kutafuta kitambaa cha kuifungia ile nyekundu.